Fahali Gani kwa Borana wa Nyumbani?

Wandugu, tunaotuma randi nyumbani kutoka hapa Hillbrow ili wazee wanunue fahali wa kizungu, tupige hesabu kwanza.

Fahali wa mwisho ni yule ambaye ndama wake wote, madume kwa majike, huuzwa nyama. Mama analeta uvumilivu wa ukame na kupe, baba analeta kilo. Huku Afrika Kusini wapo wafugaji wanaopandisha ng'ombe wa Nguni kwa Charolais: mama ni mdogo lakini anazaa bila shida, na ndama anakua haraka. Borana wetu naye anaiweza kazi hiyo.

Angalia mambo matatu:

1. Uzazi. Ndama wa Charolais huzaliwa mkubwa, kwa hiyo mtamba wa mimba ya kwanza mpe Borana mwenzake. Kilo za ndama hazimlipi mama aliyekufa akizaa.

2. Maradhi. Fahali mgeni huuawa upesi na ndigana kali. Uhimilishaji ni salama zaidi.

3. Warithi. Sehemu ya kundi ipandwe na Borana halisi, la sivyo mama wakizeeka, zizi limekwisha.