MKONO HUJIFUNZA KWA KUKOSEA

Umepata kuinua ndoo ukidhani imejaa maji, kumbe haina kitu? Mkono ulipanda ghafula. Sababu ni hii: kabla hujainua, ubongo ulikwisha kuuagiza mkono utumie nguvu nyingi.

Mtazame mvuvi wa Kasenga akivuka mto Luapula. Maji humsukuma upande, naye hupiga kasia kwa namna ya kuyashinda. Anayeanza kujifunza hupotoka mara nyingi, lakini kila kosa humfundisha. Ubongo mdogo, ulio nyuma ya kichwa, hulipima kosa na kuisahihisha amri inayofuata.

Mwaka 1994, huko Marekani, wataalamu Shadmehr na Mussa-Ivaldi waliwashikisha watu mpini wa mashine yenye kusukuma mkono. Kwanza mikono ilikwenda kombo; baada ya kurudia sana ilinyoka. Mashine ilipoacha kusukuma, ilikwenda kombo upande wa pili. Maana ubongo ulikuwa umekwisha kuizoea nguvu ile.

Basi wewe uliyepooza mkono, usikate tamaa ukikosea. Fanya hivi:

1. Jaribu mwenyewe kukifikia kikombe, kila siku, mara nyingi.
2. Ukichoka, pumzika, kisha anza tena.
3. Ninyi jamaa, msimfanyie mgonjwa kila kitu, wala msiuvute mkono uliolegea, bega litaumia.

Maswali:
Kwa nini ndoo tupu hupanda ghafula?
Kosa lina faida gani kwa anayejifunza?