Tuijue Okidi ya Ardhini

Wengi wetu tukisikia neno okidi hufikiria ua lililoshikamana na mti msituni. Lakini katika Nyanda za Juu Kusini ziko okidi nyingi zinazoota ardhini, katikati ya nyasi. Katika somo hili tunajifunza kuhusu zile ambazo wataalamu huziita Satyrium.

Mahali zinapoota
Uwanda wa Kitulo, katika milima ya Makete na Mbeya, una mwinuko wa takriban mita 2,600. Ni nchi ya nyasi, baridi na unyevu. Wenyeji huuita Bustani ya Mungu, na mwaka 2005 ulifanywa Hifadhi ya Taifa. Maua huonekana majira ya mvua, hasa kati ya Desemba na Aprili.

Jinsi ya kuzitambua
Bua ni moja, limesimama wima. Maua madogo mengi hupangana juu yake kama suke. Tazama ua moja kwa karibu: sehemu ya juu imejikunja kama kofia, na nyuma yake inaning'inia mikia miwili. Jirani yake, Disa, kwa kawaida huwa na mkia mmoja.

Kilichofichika udongoni
Chini kuna viazi viwili. Kimoja kimesinyaa, kwa kuwa kimelisha ua la mwaka huu. Cha pili ni kigumu, nacho ni akiba ya mwaka ujao. Kiangazi bua hukauka, lakini kiazi hubaki hai.

Hicho kigumu ndicho wachimbaji hukitafuta. Huuzwa Zambia, hutwangwa na kupikwa pamoja na karanga kuwa chakula kiitwacho chikanda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kuwa viazi kati ya milioni 2.2 na 4.1 vilivuka mpaka kila mwaka. Anayekichukua ameondoa mmea wenyewe. Mbegu zake ni kama vumbi, hazioti bila msaada wa kuvu wa udongoni, na mche huchukua miaka kadhaa kuchanua.

Hata hivyo, kwa familia nyingine fedha hiyo ndiyo daftari na sabuni. Katazo peke yake halitoshi.

Maswali kwa kamati za sharika
1. Katika eneo letu, okidi hizi zimebaki wapi?
2. Nani huchimba, na kwa mahitaji gani?
3. Ni kipato gani kingine tunachoweza kukianzisha pamoja nao kabla ya mvua zijazo?