Sakafu Njema kwa Gharama Ndogo

Mwenye kujenga nyumba hutumia fedha nyingi katika kuta na mabati, kwa kuwa hivyo ndivyo vionwavyo na wapitao njiani. Sakafu huachwa mpaka mwisho, na mara nyingi fedha zimekwisha. Lakini watoto hawatambai juu ya bati. Hutambaa sakafuni, huketi hapo wakila, na wengi hulala hapo hapo. Tena mpangaji au mnunuzi akiingia nyumbani hutazama kwanza pale anapokanyaga.

Adui mkubwa katika sakafu ya vumbi ni funza. Mdudu huyu si mwenyeji wa Afrika: aliletwa Angola mwaka 1872 na meli iliyotoka Brazili ikiwa imepakia mchanga wa kuitia uzito, na kabla ya karne ile kwisha alikuwa amelivuka bara mpaka pwani yetu. Funza jike hujipenyeza katika ngozi ya mguu, mayai yake huanguka chini, na watoto wake hukulia katika vumbi kavu. Mayai ya minyoo nayo hukaa katika udongo, na mtoto huyala kwa vidole vyake.

Faida ya kuondoa vumbi hilo imepimwa. Katika Meksiko, jimbo la Coahuila, serikali ilianza mwaka 2000 kuwapa watu maskini saruji ya kutosha sakafu za nyumba zao. Wataalamu waliolinganisha nyumba hizo na nyingine walitangaza mwaka 2009 ya kwamba, palipo na saruji mahali pote pa udongo, watoto wenye minyoo na vijidudu vya tumbo walipungua kwa asilimia 78, na wenye kuhara kwa asilimia 49. Hata mama zao walionekana kuwa na furaha zaidi, jambo ambalo halimshangazi mtu aliyewahi kufagia vumbi lisilokwisha.

Haifuati ya kwamba kila mtu aende leo dukani kununua saruji. Asiyekuwa na fedha aweza kuiboresha sakafu ya udongo. Na auondoe udongo mweusi wa juu wenye mizizi, atie udongo mwekundu wenye changarawe, aunyunyizie maji kidogo na kuushindilia tabaka baada ya tabaka. Akipata mfuko mmoja au miwili, achanganye sehemu moja ya saruji na sehemu 12 za udongo kwa tabaka ya juu tu. Katika Rwanda wako mafundi wanaozipaka sakafu za udongo mafuta ya mimea ambayo hukauka na kuwa kama ngozi ngumu, nazo zaweza kupigwa deki. Kusiriba kwa samadi ya ng'ombe, kama wafanyavyo wazee wetu, hutuliza vumbi kwa siku chache, lakini hapana budi kurudia mara kwa mara.

Mkeka wa plastiki uliotandikwa juu ya udongo mtupu mimi siusifu. Huonekana maridadi juma la kwanza. Chini yake unyevu na vumbi hukusanyika, na baada ya miezi michache huchanika penye mashimo.

Mwenye kuweza saruji na aanze kwa hesabu. Chumba cha mita 3 kwa mita 3, chenye zege la unene wa sentimita 7 na nusu na lipu ya sentimita 2 na nusu juu yake, chataka mifuko 7 hivi ya kilo 50. Zege ni saruji sehemu moja, mchanga mbili, kokoto nne. Mfuko mmoja ni kama madebe mawili. Basi kwa kila mfuko pima madebe 4 ya mchanga na 8 ya kokoto. Lipu ni saruji moja kwa mchanga tatu. Mchanga wa ufuoni wenye chumvi usitumiwe.

Chini ya zege pawe na mawe yaliyoshindiliwa, unene wa sentimita 15, na juu yake karatasi nzito ya plastiki izuiayo unyevu. Uso wa sakafu uwe juu kuliko ua, ili maji ya mvua yasiingie. Hapa ndipo fundi mwenye haraka hupenda kumwibia mwenye nyumba, kwa sababu kazi hii hufunikwa na haionekani tena. Mwenye nyumba awepo siku hiyo, hata kama hatakuwepo siku nyingine yo yote.

Makosa mengine mawili huharibu sakafu nyingi. La kwanza ni kuzidisha maji ili zege limwagike kwa urahisi. Likikauka huwa dhaifu. La pili ni kuiacha ikaushwe na jua. Saruji haipati nguvu kwa kukauka bali kwa kukaa na maji. Kwa hiyo ifunikwe magunia na kumwagiwa maji kwa muda wa siku 7. Sakafu iliyonyimwa maji hayo hutoa unga mweupe kila inapofagiwa.

Kwa urembo, rangi nyekundu ya unga iliyochanganywa katika tabaka ya mwisho hudumu kuliko rangi ya kupaka, nayo ikisuguliwa kwa nta hung'aa. Vigae na terazo ni vizuri, lakini vyaweza kungoja; zege likiwa imara vitawekwa mwaka wo wote. Vigae juu ya zege bovu hubanduka, na gharama hulipwa mara mbili. Mwenye kupanga nyumba ya mtu asimwage saruji kabla ya kuandikiana na mwenye nyumba jinsi gharama itakavyopunguzwa katika kodi.

Katika nyumba ambayo watu wamekwisha kuihamia, milango na ipimwe kabla ya kazi kuanza. Zege na lipu pamoja huinua sakafu sentimita 10. Kama udongo haukuchimbwa kwanza kwa kadiri hiyo na ya mawe, mlango ufungukao kwa ndani utakwama, na seremala ataitwa kuukata upande wa chini.