Protini katika Chakula cha Kuku: Wingi au Uwiano?

Mkulima wa Nyakisasa, wilayani Ngara, huvuna mahindi, maharage na ndizi. Akitaka kufuga kuku wa nyama, chakula cha kuwapa nguvu anacho. Kinachomgharimu ni protini. Mashudu ya soya hununuliwa kwa fedha, na dagaa husafirishwa kutoka Ziwa Viktoria. Je, yawezekana kupunguza protini bila kudumaza kuku? Yawezekana, lakini kwa masharti.

Asidi amino ni nini?

Protini ni mnyororo wa asidi amino, ambazo aina zake ni 20 hivi. Baadhi yake kuku huzitengeneza mwilini mwake. Nyingine hawezi kuzitengeneza, au hawezi kwa kiasi cha kutosha. Hizo huitwa asidi amino za lazima, nazo sharti zitoke katika chakula. Miongoni mwake ni lisini, methionini na threonini.

Fikiria msusi wa mkeka wenye mapambo. Ukindu mwekundu ukimwishia, pambo haliendelei, hata kama mweupe umejaa kapuni. Ndivyo ilivyo kwa nyama ya kuku: asidi amino iliyopungua kuliko zote ndiyo inayoweka kikomo cha ukuaji. Zile zinazobaki hazihifadhiwi. Huvunjwa, na naitrojeni yake hutolewa katika kinyesi kama asidi ya yuriki. Bakteria huigeuza kuwa amonia, ile harufu kali inayochoma macho bandani na kudhuru mapafu ya kuku. Hivyo protini iliyonunuliwa kwa fedha huishia kuwa uvundo.

Mfano wa hesabu

Tuchukue kilo 75 za mahindi na kilo 25 za mashudu ya soya, bila kuhesabu madini na vitamini. Mahindi yana protini asilimia 8.5 hivi, lisini 0.25 na methionini 0.18. Mashudu yana protini 44, lisini 2.7 na methionini 0.62.

Protini: 6.4 + 11.0 = kilo 17.4
Lisini: 0.188 + 0.675 = kilo 0.863
Methionini: 0.135 + 0.155 = kilo 0.290

Majedwali yaliyochapishwa Marekani mwaka 1994 yanapendekeza, kwa kuku wa nyama wa wiki 3 hadi 6, protini asilimia 20, lisini 1.00 na methionini 0.38. Kilo 100 hizi basi zimepungukiwa lisini gramu 137 na methionini gramu 90. Mapengo hayo huzibwa kwa asidi amino za kiwandani: lisini hutengenezwa na bakteria katika uchachushaji, na methionini kwa njia za kikemia. Unga wa lisini unaouzwa huwa na lisini asilimia 78 hivi; kwa hiyo gramu 137 hudai unga gramu 176. Threonini nayo hukaguliwa kwa njia iyo hiyo.

Masharti

Kwanza, protini haipunguzwi bila kikomo. Kila inaposhuka, asidi amino nyingine huanza kupungua, hata glisini. Pili, gramu chache hazichanganyiki vizuri na gunia zima. Sharti zichanganywe kwanza na kilo moja au mbili za unga wa mahindi. Tatu, kuzidisha si kuboresha: lisini ikizidi mno huvuruga matumizi ya arginini.

Pale ambapo unga wa kiwandani haupatikani, kanuni haibadiliki. Mashudu ya alizeti yana methionini nyingi kwa kulinganisha lakini lisini haba. Maharage ni kinyume chake. Dagaa wana zote mbili. Maharage yapikwe kwanza, kwani yakiwa mabichi yana sumu na huzuia usagaji wa protini tumboni.

Maswali

1. Kwa nini ugali na maharage hukamilishana katika mlo wa binadamu?
2. Rudia hesabu hiyo kwa mahindi kilo 70 na mashudu ya soya kilo 30. Ni asidi amino ipi inayobaki pungufu zaidi?
3. Protini ina naitrojeni asilimia 16 hivi. Linganisha naitrojeni iliyomo katika michanganyiko hiyo miwili, kisha ueleze faida yake kwa hewa ya bandani.