Vilipakiwa au walipakiwa? Tatizo la upatanisho katika filamu «1776»

Katika zoezi la tafsiri la mwaka huu, kikundi chetu kilipewa kuandaa manukuu ya Kiswahili ya filamu «1776». Ilitoka mwaka 1972, ikiongozwa na Peter H. Hunt, kutokana na mchezo wa jukwaani wenye nyimbo ulioanza Broadway mwaka 1969. Muziki ni wa Sherman Edwards, maneno ya mazungumzo ni ya Peter Stone. Inaonyesha wajumbe wa Congress mjini Philadelphia wakivutana juu ya Azimio la Uhuru wa Marekani. Wasomaji watanivumilia nisisimulie yote. Nataka kukaa na ugumu wa lugha tuliokutana nao.

Ugumu wa kwanza ni mdogo na wa kuchekesha. Adams na Jefferson wanabishana kuhusu neno linaloelezea haki zisizoweza kuondolewa: lianze kwa «in-» au kwa «un-»? Nakala iliyochapishwa kweli ina «un-», na mbishi Adams ndiye aliyeshinda. Kwa Kiswahili maneno yote mawili ni «zisizoondoleka», hivyo mzaha unakufa mikononi mwa mfasiri. Tuliuacha ufe.

Ugumu wa pili si wa kucheka. Jefferson aliandika kwamba «men» wote wameumbwa sawa. Kiingereza kinaruhusu neno hilo limaanishe wanaume au binadamu, na Kifaransa chetu cha darasani kina maficho hayo hayo. Sisi tukiandika «watu wote», tunawapa waandishi wale ukarimu ambao hawakuwa nao. Tukiandika «wanaume wote», tunawasomea nia. Tuliandika «watu», lakini sikulala vizuri.

Ndipo tukafika kwa Edward Rutledge, mjumbe wa Carolina Kusini. Katika rasimu yake Jefferson alimlaumu mfalme wa Uingereza kwa biashara ya watumwa. Rutledge anadai fungu hilo lifutwe, kisha anawaimbia watu wa kaskazini unafiki wao: merikebu za Boston ndizo zinazozunguka na molasi, rumu na watumwa. Anauigiza mnada palepale barazani. Mwishoni fungu linafutwa ili kura ipatikane, na ni kweli Congress ililiondoa. (Filamu inamfanya Jefferson atamke kwamba ameamua kuwaachilia watumwa wake. Historia inasema vingine: maishani mwake alimiliki zaidi ya watu 600, akawapa uhuru wachache sana.)

Sasa tafsiri sentensi hii: «Molasi, rumu na watumwa ...pakiwa melini.» Ukiweka wa-, rumu imekuwa mtu. Ukiweka vi-, watu wamekuwa vitu. Mfanyabiashara wa wimbo ule hasumbuki, maana kitenzi cha Kiingereza hakimuulizi anapakia nini. Kiswahili kinamuuliza kila mara. Hata neno «mtumwa», linalotokana na kutumwa, limebaki katika ngeli ya watu. Bei haikulitoa humo.

Mwenzangu mmoja alipendekeza kurudia kitenzi: molasi ilipakiwa, rumu ilipakiwa, watumwa walipakiwa. Kisarufi ni safi. Lakini manukuu hayana nafasi, wimbo unakimbia, na zaidi ya hayo usafi huo unamsafisha Rutledge. Yeye anaimba orodha moja ya shehena. Nami niliona ni lazima mtazamaji wetu asikie orodha hiyo ikimkwaruza sikio, hasa kwa kuwa wengi waliouzwa Carolina Kusini karne ile walitoka Kongo na Angola, na katika filamu nzima watumwa wanazungumziwa tu. Hakuna hata mmoja anayepewa sentensi.

Tulipiga kura, watatu kwa wawili. Manukuu yetu yanasema «vilipakiwa». Mwalimu alichora mstari mwekundu chini yake, akaandika pembeni: kosa la upatanisho. Niliomba tukae naye Jumatatu, sentensi ikiwa mezani.