Besi wa Januari: Kisamaki Kisimame, Nawe Usubiri

Muuzaji alinitazama kuanzia kofia hadi viatu, akaniambia bila haya kwamba Januari besi hawali, nirudi Machi. Hapo hapo akanitolea kabatini kisamaki bandia cha zaidi ya dola 20, akakisifu kuliko mtoto wake. Sasa kama hawali, hicho waniuzia nikamvulie nani? Duka lenyewe silitaji. Liko njiani ukitoka Dallas kuelekea mashariki, kahawa yao ni nzuri, na sifa zao zinakomea kwenye kahawa.

Kauli ile imenikera kwa sababu wenzetu wengi huku Texas wameiamini. Madereva wa malori, wauguzi, vijana wa shifti za bohari, wote hufungia mishipi yao stoo ikifika Novemba na kuitoa Aprili pamoja na jiko la nyama choma. Na hapo wanaikosa miezi mitamu kuliko yote. Rekodi ya besi mdomo mpana ya jimbo zima la Texas, samaki wa ratili 18.18, yaani kilo nane na robo, ilitoka Ziwa Fork tarehe 24 Januari 1992. Januari, bwana! Tena mpango wa jimbo uitwao ShareLunker hupokea besi wa ratili 13 kwenda juu kwa ajili ya kuzalisha vifaranga, na miezi yake ni Januari hadi mwisho wa Machi, kipindi ambacho majike makubwa yanajaza mayai. Serikali isingefungua kituo kungojea samaki wasiokula.

Basi nitakupa hatua tano za kumpata besi wakati wa baridi. Kwa asiyemjua, ni yule yule aliyepelekwa Naivasha kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920, mwenye mdomo unaoweza kumeza ngumi ya mtoto. Ila maji ya Naivasha, hata Julai ikikaza, hayafikii baridi ya huku.

Hatua ya kwanza ni leseni. Hatua ya pili ni nguo. Hayo unayajua, twende mbele.

Hatua ya tatu ni mahali. Ziwa Fork ni ziwa la bwawa, lilianza kujazwa mwaka 1980, na miti mingi iliachwa imesimama humo humo ndani ya maji, ndiyo sababu besi wamelipenda. Baridi ikiingia, tafuta pale ambapo kina kirefu kimekaribiana na kina kifupi: ukingo wa mto wa zamani uliofunikwa, ncha ya nchi kavu inayoingia ziwani, matuta ya mawe chini ya madaraja. Ufuo wa kaskazini ni bora kwa sababu jua la majira haya hupita kusini na kuupiga mchana kutwa, na pia unakingwa na upepo wa kaskazini. Nenda adhuhuri hadi jioni, usijitese na alfajiri. Siku moja kabla ya upepo wa kaskazini kuingia ni dhahabu. Siku ya baada ya upepo huo, mbingu nyeupe na kila kitu kimetulia, lala nyumbani.

Sasa nikwambie habari za jirani yangu, kwa sababu bila yeye hatua ya nne haieleweki.

Jirani yangu ni mzee wa Kikongo, mwenyeji wa Uvira, aliyekulia kwenye Ziwa Tanganyika. Ananiita mtoto wake, mimi namwita mzee, na tangu tuanze kwenda ziwani pamoja hatujawahi kukubaliana juu ya chambo. Yeye hutumia visamaki hai vya kununua, basi. Akiona sanduku langu la plastiki hucheka mpaka akakohoa. “Mtoto yangu, hii kitu iko na damu? Samaki atakula nini hapa?” Kosa langu kubwa lilikuwa kumsimulia habari za ile rekodi ya 1992, maana aliyeiweka, Barry St. Clair, hakuwa hata akimtafuta besi. Alikuwa akivua krapi, samaki mdogo kuliko besi, kwa kisamaki hai. Tangu siku hiyo mzee hulitaja jina hilo kila anapofungua ndoo yake, utadhani ni binamu yake wa Uvira.

Lakini ni huyo huyo mzee aliyeona jambo ambalo wauzaji hawajawahi kuniambia. Jioni moja ya baridi kali alikuwa amechuchumaa mwisho wa gati, akanyoosha mkono majini, akatoka na kisamaki cha fedha kirefu kama kidole, bado kinatikisa mkia kidogo. “Ndagala,” akasema. Alikuwa karibu na ukweli. Samaki yule anaitwa shedi, na ukoo wake ni mmoja na ndagala wa Tanganyika. Shedi hawa wadogo hawaijui baridi. Maji yakishuka kuelekea nyuzi 5 za Selsiasi huanza kufa, na kabla ya kufa hulegea: kisamaki hujirusha mara mbili tatu, kikasimama kimya muda mrefu, kikajirusha tena. Nilipiga magoti kando ya mzee tukawatazama. Mmoja alitulia pale pale mpaka nikadhani amekufa, halafu akashtuka, akasogea shibiri moja, akatulia tena.

Hicho ndicho chakula cha besi mwezi wa Januari. Damu ya samaki hupoa pamoja na maji, na mwili ukipoa tumbo nalo husaga polepole, kwa hiyo besi hana nguvu za kupoteza. Ni kama mtu aliyejinyoosha mkekani baada ya pilau ya Ijumaa: hainuki kuifuata sahani, lakini ukiiweka karibu na mkono wake na kuiacha hapo, mkono utatoka tu. Muuzaji kusema hawali ni uvivu wa kufikiri. Wanakula. Wamechoka kukimbiza.

Kwa hiyo kisamaki chako cha bandia lazima kisimame. Kwenye boksi la kile cha dola 20 na ushee, nilichokinunua hata hivyo, imeandikwa kwamba kinasimama majini: ukivuta kinapiga mbizi, ukiacha kinabaki kina kile kile, hakizami wala hakielei. Siku moja ya nyuma nilikitupa hapo hapo gatini, kwenye maji meupe ninayoona mpaka mchangani, nikakivuta mara mbili, nikaacha. Kikatulia kidogo. Halafu kikaanza kupanda, polepole, mkia mbele, mpaka mgongo ukatokeza juu ya maji na kubaki unaelea hapo mchana peupe. Nilirudi dukani siku ya pili na kuwaeleza. Jibu nililopewa ni kwamba navuta vibaya. Navuta vibaya! Wakati kinapanda nilikuwa sivuti kabisa!

Sababu ni hii. Maji ya baridi ni mazito kuliko maji ya vuguvugu, na uzito wake hufika kilele kwenye nyuzi 4. Kisamaki kilichosawazishwa kwa maji ya nyuzi 20 kitabebwa juu na maji ya nyuzi 8. Tofauti haifiki hata sehemu mbili katika elfu moja, lakini kitu kilichokaa kwenye mizani hakihitaji zaidi ya hapo. Kwa hiyo unakiongezea uzito mwenyewe, na dawa yake nimeipata kwenye sanduku la fundi wa redio: waya wa kulehemu, ule mwembamba wa milimita moja hivi.

Hapa nenda nami taratibu. Shika ndoana ya mbele, ile ya meno matatu, na uzungushe waya kwenye mpini wake, mizunguko ikibanana, mitatu kwa kuanzia. Kata kwa kikata kucha, bana ncha isije ikanasa nyasi. Usizungushe kwenye ndoana ya mkiani, maana mkia utaning’inia na kisamaki kitapoteza mwendo wake. Uzito wa mbele hukiinamisha kichwa kidogo, na ukivuta kinachimba vizuri. Kama chako kina ndoana tatu na unakitaka kikae sawa kabisa, tumia ile ya katikati. Kifunge kwenye mshipi ule ule utakaovulia, pamoja na kibanio chake, kwa sababu navyo vina uzito. Mimi hufungia fluorokaboni ya ratili 10, ambayo yenyewe huzama.

Kisha kiache ziwani. Ziwani, nasema, si kwenye sinki la jikoni. Kimetoka garini kwenye hita, kina joto, na hewa iliyomo ndani yake ina joto pia. Kining’inize kando ya gati dakika chache kipoe ndipo ukipime. Vuta kidogo, acha, tazama. Kikipanda, ongeza mzunguko mmoja. Kikizama mbio, punguza nusu. Unachotafuta ni kisamaki kinachoshuka upana wa kiganja tu kwa muda wa kusema Bismillahi Rahmani Rahim kwa utulivu. Hapo umefika. Kitie nukta ya rangi ya kucha tumboni ili ukijue. Vyangu vyenye nukta moja ni vya maji ya nyuzi 12 hivi, vyenye nukta mbili ni vya nyuzi 8, na mke wangu bado anauliza rangi yake ya kucha inaishaje. Nawa mikono kabla hujala, waya mwingi wa namna hii una risasi.

Kuna stika ndogo za risasi zinazouzwa kwa kazi hii. Zangu zilibanduka kwenye maji ya baridi moja baada ya nyingine, na bei yake ingeninunulia waya wa mwaka. Na kwa kuwa tumefika kwenye bei, visamaki vyenyewe navyo: Megabass Vision 110 ya Kijapani ni kazi ya fundi kweli, sikatai, lakini ziwa lenye misitu chini ya maji litaimeza. Rapala Husky Jerk ni ya bei nafuu zaidi, na ikishavishwa waya, besi haoni tofauti.

Sasa kusubiri. Ukishavuta mara mbili, acha. Maji ya nyuzi 8 yanadai nusu dakika, wakati mwingine zaidi, na hakuna kitu kigumu kama kusimama nusu dakika na mikono imekufa ganzi bila kugusa mshipi. Kuhesabu namba hakusaidii, mtu mwenye baridi huhesabu kwa pupa. Mimi hupanda matatu ya Mombasa. Natoka Buxton, navuka daraja la Nyali, Kongowea namwacha mama mwenye gunia la vitunguu, kondakta anabishana naye chenji, Bombolulu, Bamburi, Shanzu, Mtwapa. Maji yakiwa nyuzi 12 nashukia Bamburi na kuvuta. Yakiwa nyuzi 8 nafika Mtwapa, na kama samaki ni wakaidi naendelea na safari.

Jioni ile ya ndagala niliendelea. Nilikuwa nimekitupa kando ya mawe, jua limeyapiga tangu asubuhi, nimevuta mara mbili na kuacha. Nikapita Mtwapa. Nikapita Kikambala. Mzee alikuwa ameshapata krapi wawili na ananiuliza kama nimelala. Vipingo, mshipi uliokuwa umelegea juu ya maji ukasogea kando, inchi chache tu, dhidi ya upepo. Hakuna kushtuka, hakuna mpigo mkononi. Wakati wa baridi besi haumi kwa kishindo, hufungua mdomo na kufunga, basi, kwa hiyo macho yako yawe kwenye mshipi. Nilikunja mkono, ufito ukainama na kubaki umeinama.

Alikuwa na inchi 22, na kwa mkono wangu hapungui kilo mbili na nusu. Tumbo lilikuwa baridi kama chupa ya soda na limejaa. Ndoana ya mbele, yenye mizunguko yangu ya waya, ilikuwa kwenye kona ya mdomo. Mzee aliacha ndoo yake, akaja, akamtazama samaki, akakitazama kile kisamaki cha plastiki, asiseme neno. Halafu nikamrudisha samaki majini, na hapo maneno yakamrudia. “Unamuachilia? Samaki mukubwa hivi?” Nikamweleza sheria ya Ziwa Fork: besi wa kati ya inchi 16 na 24 lazima arudishwe, na aliyefikia inchi 24 unaruhusiwa mmoja tu kwa siku. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia kwamba St. Clair wake hakuwa na shida hiyo.

Hatua ya nne ilikuwa iwe habari ya waya na nimeshaieleza. Hatua ya tano ni jigi, ile ndoana yenye kichwa kizito: iburute chini polepole, na ukidhani unakwenda polepole, punguza tena mwendo.

Ukiwa Texas, au Oklahoma, au Arkansas ambako maziwa ya namna hii yamejaa, usingoje Machi. Ikifika Machi nafasi ya kusimama gatini utaipigania na mashua zitakuwa juu ya kichwa cha kila samaki. Tazama utabiri wa hewa, chagua siku ya kabla ya upepo wa kaskazini, njoo na kisamaki chako. Waya ninao wa kutosha.