SOMO LA USALAMA: Kamyo ikikosa nguvu mlimani

Ndugu mashofere na mekanisie, na nyinyi wamama mnaowangojea nyumbani, somo hili ni lenu wote. Sehemu yake ya mwisho ni ya wamama zaidi.

Kamyo ya zamani imetoka Beni na mzigo, inakwenda Butembo. Njia ni kilometa 54 tu, lakini Butembo iko juu, kupita mita 1700. Mahali pa tambarare motere inaimba vizuri. Ikifika kwenye mlima inachoka, inakohoa, inataka kuzima. Shofere anasema: «Pompi ya injeksio imekufa!» Pompi inafunguliwa, pesa nyingi zinalipwa, na kesho yake ugonjwa ni ule ule. Kwa nini? Kwa sababu mara nyingi pompi ile haina kosa. Ina njaa.

Kwanza simamisha kamyo pahali pazuri, vuta freni ya mkono, tia magogo nyuma ya magurudumu. Motere ikizima, haijazi tena hewa ya freni, na kamyo yenye mzigo inaweza kurudi nyuma.

Sasa uliza moshi. Moshi mweusi unasema mazutu yanafika, lakini hewa ni kidogo au injektere zinamwaga vibaya. Huku kwetu juu hewa ni nyepesi, basi moshi mweusi kidogo katika kupanda usikushangaze. Lakini nguvu ikipotea bila moshi mwingi, tafuta njia ya mazutu, na anzia kwenye tanki.

Fungua kifuniko cha tanki. Ukisikia hewa inaingia «fyuu», na motere ikipata nguvu tena, tundu la kupumulia limezibwa na matope. Dawa yake ni kulisafisha, haigharimu hata franka moja. Halafu fuata tiyo toka tanki mpaka pompi ndogo inayovuta mazutu. Hapa wengi wanadanganyika: wanatafuta mahali panapovuja, hawaoni kitu. Tiyo ya kuvuta haivujishi mazutu nje wakati motere inazunguka, inanyonya hewa ndani. Funga kipande cha tiyo ya plastiki inayoonyesha ndani. Ukiona mapovu yanapita, kaza viungo au badilisha mpira uliopasuka.

Kichujio kinafuata. Mazutu mengi ya kwetu yanaingia kwa Kasindi, yanamiminwa toka pipa mpaka pipa, toka bidoni mpaka bidoni, na kila mara yanapata maji na uchafu. Maji yanakaa chini usiku. Asubuhi, kabla ya kuwasha motere, fungua kizibo cha chini cha kichujio, toa maji mpaka mazutu safi yatoke.

Garaji yenye manometri itamaliza mashaka. Pima presio mbele ya kichujio, kisha nyuma yake, motere ikizunguka kwa nguvu. Motere nyingi za zamani zinataka bar 1 au kupita kidogo. Kipimo kamili kimo katika kitabu cha motere. Presio ikiwa nzuri kabla ya kichujio na mbaya baada yake, kichujio kimeziba. Ikiwa mbaya pande zote mbili, kosa liko kwenye pompi ndogo, kwenye tiyo ya kuvuta, au kwenye valvu ya kurudisha mazutu ambayo risoti yake imelegea. Ikiwa nzuri pande zote, hapo tu ndipo pompi ya injeksio ipelekwe kwa fundi mwenye mashine ya kuipimia.

Tiyo za chuma zinazokwenda kwenye injektere ni habari nyingine kabisa. Tairi la kamyo linajazwa karibu bar 7, na presio ya namna hiyo inatosha kutoboa ngozi. Katika tiyo zile ni karibu bar 200, tena kupita. Usipapase kwa mkono kutafuta mahali panapovuja! Pitisha kipande cha katoni, uso ukiwa mbali.

Mama, bwana akirudi na tundu dogo kama la sindano kwenye kidole, anasema «si kitu, hainiumi», usimwamini. Mazutu yaliyoingia kwa presio yanatembea ndani ya nyama. Baada ya saa chache mkono unavimba, kidole kinaanza kufa, na mwisho wake unaweza kuwa kukatwa. Usikamue, usiweke maji ya moto, usifunge kamba, usingoje asubuhi. Vua pete kama anayo, mkono ukae juu, aende mara moja hospitali yenye daktari wa kupasua. Wauguzi wengi hawajapata kuona kidonda cha namna hii, watataka kutia dawa nyekundu na kumrudisha nyumbani. Waambieni wazi: «Ni mazutu ya injeksio, yameingia kwa presio kubwa», na mtaje saa yalipoingia.